Utepe Mwekundu kwenye Minazi ya Nei Tarau

Hebu nikuulize wewe unayesoma: ukipita njiani ukaona mnazi umefungwa kitu kiunoni, unaelewa nini?

Kwetu Bikenamori, katika visiwa hivi vya Kiribati, hata mtoto anayetambaa anaelewa. Mwenye mnazi akitaka nazi zake zisiguswe, labda anazitunza kwa harusi au kwa matanga, hukata kuti bichi, akalizungusha shinani usawa wa kifua, akapiga fundo. Basi. Hakuna ukuta, hakuna mbwa, hakuna askari. Aliyefunga ndiye afunguaye, na mwingine akilegeza fundo lile, hata kwa ncha ya kidole, aibu humtangulia kufika nyumbani kwake.

Kwa hiyo siku Nei Tarau (Nei kwetu ni kama Bibi, na Ten ni kama Bwana) alipotoka kwenye shimo lake la magimbi, matope yamemfika magotini na jembe begani, akaikuta minazi yake mitano imefungwa utepe mwekundu, usawa wa kifua, kwa fundo zuri lililokazwa, moyo wake ulitulia. Aliweka jembe chini akasimama kuutazama. Ulikuwa utepe wa plastiki, mpana kama vidole viwili, unang'aa, na upepo wa baharini ulikuwa unazichezea ncha zake. Akasema moyoni, kumbe serikali nayo ina macho.

Alikuwa na sababu ya kutulia. Minazi hiyo mitano ndiyo iliyobaki. Ilisimama upande wa mwisho wa kiwanja cha ndege, kule ndege zinakotokea zikishuka, na hapo mwanzo haikuwa mitano, ilikuwa kichaka kizima. Kiwanja kiliporefushwa, enzi za uhai wa mumewe, Ten Kaiea, wakubwa walikuja wakaketi na wazee katika maneaba, lile jumba letu la mikutano, wakala, wakanywa, kisha wakaeleza vizuri. Walisema kwamba juu ya kiwanja cha ndege kuna paa lisiloonekana. Limeinama kama paa la kibanda: karibu na kiwanja liko chini, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo linavyopanda. Kitu chochote kilichosimama, kiwe mti, mlingoti au nyumba, kisitoboe paa hilo, maana ndani yake ndimo ndege zinamopita. Ten Kaiea alielewa. Hakungojea msumeno wa mtu. Alichukua shoka lake mwenyewe akaangusha iliyokuwa karibu, mmoja baada ya mwingine, na watu walipomcheka kwamba analichana jamvi alilolalia baba yake, aliwajibu kwamba ndani ya ndege wamo watu, na wengine ni watoto wetu. Ile mitano ya nyuma ikapimwa, ikaonekana iko chini ya paa, akaambiwa ikae.

Ikakaa. Ten Kaiea akafa, na minazi ikamlisha mjane wake. Iotua, mtoto wake wa mwisho, aliigema asubuhi na jioni. Anapanda na kisu chake mdomoni na chupa kiunoni, akifika kileleni anakata ncha ya karara, anaifunga upya, anatundika chupa nyingine, na muda wote huo anaimba kwa sauti kubwa. Wagema wote wa kwetu huimba wakiwa juu, ili mwanamke anayeoga kule kisimani ajue kuna macho angani ajifunike. Tembo la asubuhi, likiwa bado tamu, walipewa wajukuu kama maziwa. Lililobaki Nei Tarau alilichemsha taratibu, akiondoa povu kwa kijiko cha kifuu, mpaka likawa asali nyeusi inayovutika. Kutoka kwenye asali hiyo ilitoka sabuni, ilitoka mafuta ya taa, zilitoka sare za shule. Mtu akikuambia kwamba mnazi ni mti tu, muulize anakula wapi.

Sasa, katika mwezi ule, redio ilikuwa imetangaza kwamba inakuja ndege kubwa zaidi, kwamba lile paa la hewani litashushwa kidogo, na kwamba miti itakayozidi itawekwa alama, bila kusema ni alama gani. Mwenye neno la kupinga aende ofisini kabla ya mwezi kwisha. Watu wa Bikenamori walijiandaa kwenda, hata nguo za kwendea zilikwishafuliwa. Halafu utepe ukafungwa, nao wakazirudisha nguo sandukuni. Mtu aende kulalamika nini, na mali yake imeshafungwa isiguswe?

Nei Tarau alifanya zaidi ya kunyamaza. Alichimba magimbi yaliyokomaa, akayaponda na nazi, akayamwagia asali yake, akachoma samaki wawili wakubwa, akajaza chupa ya tembo la asubuhi, akavipeleka vyote kwa wale wafunga utepe waliokuwa wamepiga turubai kando ya uzio wa kiwanja. Mkubwa wao alikuwa Bauro, kijana wa visiwa vya kaskazini, shati jeupe limenyooshwa, mpole wa maneno. Alikula kwa mikono miwili. Akasema kwamba mama amewaheshimu sana, maana watu wa kijiji walichotoka waliwatupia mawe.

Nei Tarau alishangaa ni watu gani hao wanaomtupia mawe anayelinda minazi yao. Lakini alicheka tu, akafuta mikono kwenye kanga, akatamka kwa kinywa chake mwenyewe:

"Nawashukuru kwa mlichofanya."

Shika neno hilo.

Jirani yake, Nei Robuti, mwanamke mwenye ulimi, alipouona ule utepe alitaka na wake. Mshelisheli wake ulikuwa unaibiwa na watoto kila matunda yakianza kulainika. Akaenda kwa kina Bauro akawaomba kipande kilichobaki, wakampa bila kuuliza cha nini, naye akaufunga mshelisheli wake fundo la kifahari lenye masikio mawili. Wajukuu wa watu wakipita aliwaonyesha kwa kidevu na kuwaambia kwamba huo sasa ni mti wa serikali, mwenye mkono mrefu aujaribu.

Jumatatu iliyofuata, Iotua alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kutoka mnazi wa pili. Nei Tarau alikuwa jikoni. Alisikia mngurumo, akadhani ni ndege imewahi. Kisha ardhi ikapiga kishindo, na vyombo vikagongana kwenye kichanja. Alipotoka mbio, mnazi wa kwanza ulikuwa chini, makuti yake bado yanatikisika, na chupa ya Iotua iliyokuwa imetundikwa juu imepasuka, tembo linamwagika mchangani na chungu wameshafika. Wa pili ulianguka mbele ya macho yake. Kijana aliyeshika msumeno wa injini hakutazama juu hata mara moja. Hakuwa na kipimo wala nini. Alikuwa anafuata utepe.

Na kwa kuwa alikuwa anafuata utepe, alikuwa ameshapita kwa Nei Robuti. Mshelisheli uliokuwa haufiki hata paa la jiko lake ulikuwa umelala ubavu, na fundo lenye masikio mawili liko palepale.

Nei Robuti alimwuliza yule kijana kama ndege siku hizi zinapita chini ya vitanda. Kijana akasema yeye ameambiwa penye utepe akate.

Bauro alikuja akikimbia. Lazima niseme kweli, uso wake haukuwa wa mtu mbaya. Ulikuwa wa mtu aliyechanganyikiwa. Nei Tarau alikuwa amejibandika kwenye shina la mnazi wa tatu, mgongo kwenye gome, matope ya juzi bado kwenye kucha.

"Mama," Bauro alisema, "mbona hivi? Si ulikuja mwenyewe ukatulisha? Si ulishukuru?"

Hapo ndipo alipoelewa. Alielewa yote kwa pamoja, mawe ya kile kijiji kingine, na shibe ya hawa, na kicheko chake mwenyewe. Alikuwa amewapikia watu waliokuja kumwua. Alikuwa amewamwagia asali ya mnazi uleule.

Wazee ndio waliosimamisha msumeno. Walituma neno kwamba kazi isubiri mpaka maneaba ikae, na kwetu neno la wazee hata serikali hailikanyagi. Mkutano ukawekwa Jumamosi. Minazi mitatu ikabaki imesimama na tepe zake.

Katika siku hizo za kungoja, Nei Tarau alitembea. Alianzia kwenye visiki vyake akaenda kuelekea kiwanja, akifuata njia ya ndege, na hakufika mbali. Kati ya minazi yake na kiwanja, yaani pale ambapo lile paa la hewani liko chini zaidi, ndipo lilipokuwa limesimama jumba jipya la Ten Takirua. Kila mtu anamjua Ten Takirua, mwenye maduka na malori. Nyumba ya wageni, ghorofa tatu, juu yake tangi la maji, juu ya tangi mlingoti, juu ya mlingoti taa nyekundu. Nei Tarau aliinua shingo mpaka kitambaa cha kichwani kikadondoka. Akageuka akaitazama minazi yake. Hakuhitaji kile chombo cha kupimia cha kina Bauro, chenye miguu mitatu, kujua kipi kimempita mwenzake. Na kwenye nguzo za jumba lile, alizunguka zote, hapakuwa na utepe hata mmoja.

Alikwenda pamoja na Iotua kwa Bauro kumwuliza kuhusu hilo. Bauro alijikuna shingo. Akasema jumba lile lina ruhusa maalumu kutoka juu, na tena lina taa, kwa hiyo rubani analiona.

"Basi na mimi nitautundikia taa mnazi wangu," Iotua akasema.

"Mnazi hauna umeme, ndugu yangu."

"Una tembo. Rubani akinusa atajua amefika."

Bauro alicheka bila kutaka, kisha akaona aibu ya kucheka, akainamisha macho. Nei Tarau hakucheka. Alikuwa anawaza kwamba mumewe aliangusha kichaka kizima kwa sababu ya paa lile, kwa shoka lake, bila fidia na bila kinyongo, kwa kuwa aliamini paa ni la wote. Kumbe paa lenyewe lina mlango wa nyuma, na ufunguo wake anao Ten Takirua.

Nei Robuti alimshauri akate zile tepe tatu atupe baharini, msumeno ukija ukose pa kushika. Nei Tarau alikataa. Alisema fundo alilolifunga mtu mwingine yeye haligusi, hajalelewa hivyo.

"Wewe nawe," Nei Robuti akasema, "unaheshimu fundo la mtu asiyejua maana ya fundo."

"Nikilifungua mimi nitakuwa kama yeye."

Jumamosi ikafika. Maneaba yetu imeezekwa kwa kuti la mkadi, paa limeshuka chini kiasi kwamba ukiingia lazima uiname, ndiyo heshima yenyewe. Kila ukoo una mahali pake chini ya boriti yake, na sauti ya ukoo ni ya mwanamume wake mkubwa. Wanawake hukaa nyuma. Wana maneno yao, lakini humnong'oneza aliye mbele, naye huyatoa. Sauti ya ukoo wa Ten Kaiea ilikuwa ni ya mdogo wake, Tebano, shemeji wa Nei Tarau, mtu mwema, mnene, anayependa kila mtu aondoke ameridhika.

Nei Tarau alikuwa amemwambia shemeji yake tangu asubuhi, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kusuka. Asiombe fidia. Aseme jumba la Ten Takirua lipimwe kwa kipimo kilekile. Na kubwa kuliko yote, aseme kwamba ile shukrani haikuwa shukrani ya kukatiwa. Tebano aliitikia kwa kichwa kila jambo, akasema usiwe na wasiwasi, shemeji.

Basi akasimama. Alianza kwa kuwasalimu wazee, akawasalimu wageni, akalisifu turubai lao. Akasema ukoo wake hauna ugomvi na ndege, ndege ni kitu kizuri, hata yeye angependa siku moja kupanda. Akasema kumetokea kutoelewana kidogo. Akasema wanaomba wakumbukwe kwa chochote kitakachopatikana. Halafu akaketi, akajipepea.

Nyuma yake Nei Tarau alikaa akikunja ukingo wa mkeka kwa vidole. Kutoelewana kidogo. Kila jambo alilompa likiwa moto, shemeji yake alikuwa amelipuliza mpaka likapoa, kisha akalila mwenyewe.

Bauro akapewa nafasi. Alizungumza kwa adabu, amekaa miguu imekunjwa kama ipasavyo. Alieleza juu ya ndege mpya na juu ya paa la hewani. Alisema tangazo lilitolewa, na katika kijiji kizima hakuna hata mtu mmoja aliyekwenda kupinga. Kuhusu mshelisheli aliomba radhi. Lakini kuhusu minazi alisema, na hapa aligeuka kuwatazama wazee, kwamba mwenye minazi aliwaletea magimbi yaliyopondwa, samaki na tembo, akawashukuru kwa walichofanya, na wote walikula.

Minong'ono ikapita chini ya boriti. Kwetu chakula kilicholiwa ni kizito kuliko sahihi. Mzee Nareau, mkubwa wa wazee wote, asiyeona vizuri tena, alimwuliza Tebano kama ni kweli shemeji yake aliwalisha. Tebano akasema ni kweli. Akauliza kama alishukuru. Tebano akasema, kwa masikitiko, kwamba alishukuru.

"Basi," Mzee Nareau akasema polepole, "aliyelisha na akashukuru amefunga neno. Sisi tutalifunguaje?"

Nei Tarau alimvuta shati shemeji yake. Akamnong'oneza, waambie. Waambie kuhusu kuti. Waambie tulidhani nini.

Tebano aligeuka nusu. "Tulia, shemeji. Mambo yanakwenda vizuri. Nimesikia watatoa kitu."

Mwanamke huyu alikuwa ameketi nyuma ya wanaume katika jumba lile tangu akiwa bi harusi. Alimnong'oneza baba mkwe, kisha mume, kisha shemeji, na mume peke yake ndiye aliyekuwa akiyatoa maneno yake kama alivyoyapokea. Sasa alitazama nguzo iliyobeba boriti ya ukoo wao, pale Ten Kaiea alipokuwa akiegemea mgongo, pamebaki na weusi wa mafuta ya nywele zake. Akaweka mkono juu ya bega nene la Tebano. Si kumvuta tena. Ilikuwa kujiinulia.

Akasimama.

Mzee mmoja alikohoa kikohozi cha kukataza. Nei Robuti, kule nyuma, akakohoa chake, kikubwa zaidi.

"Wazee wangu, mnisamehe, nitakaa chini sasa hivi," Nei Tarau alisema. Sauti ilianza nyembamba, halafu ikapata miguu. "Mimi sikupinga kwa sababu niliona fundo. Nyote humu mliliona. Nani kati yenu, akiona mnazi umefungwa, huchukua shoka?"

Mzee Nareau aliinua uso wake.

"Mume wangu aliangusha minazi yake kwa mkono wake, maana aliambiwa paa ni moja. Mimi ningefanya kama yeye. Wewe Bauro ungekuja ukaniambia, mama, ndege itaumia, ningekupa shoka na chakula juu. Hukuniambia. Ulifunga. Halafu ukala. Na njia uliyopita kuja kwangu ilikupitisha mlangoni kwa Ten Takirua, jumba refu kuliko mnazi wowote wa kisiwa hiki, na huko utepe ulikuishia."

Bauro alifungua mdomo. Mzee Nareau akainua kiganja, naye akaufunga.

"Chakula kile nilikupa kwa kulinda, si kwa kukata. Siwezi kukitoa tumboni mwako, kimeshakuwa nyama yako, kikufae. Lakini shukrani ni yangu, haikuliwa. Leo, mbele ya boriti hii, naichukua."

Kulikuwa na sauti kama ya watu wengi kuvuta pumzi kwa pamoja. Tebano alikuwa ameacha kujipepea. Nei Tarau hakuwatazama. Alikuwa anamtazama kijana yule mwenye shati jeupe, ambaye sasa alikuwa anazitazama ncha za vidole vyake vilivyofunga yale mafundo.

"Nenda ukapime lile jumba kwa chombo kilekile. Likitoboa paa, likate kama ulivyonikatia mimi. Siku hiyo urudi kwangu, na minazi yangu ikiwa mirefu nitakushikia msumeno mwenyewe. Lakini kabla ya hapo, mwanangu, kwetu aliyefunga ndiye afunguaye. Nimeungoja mkono wako wiki nzima. Inuka sasa twende, ukafungue utepe wako."